Sanduku la Padri wa Oltepesi

Mtu akibisha, unasema karibu. Ndivyo alivyolelewa Mwalimu Nalianya kule Kimilili, na katika malezi yale yote mazuri hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba kwanza uangalie ni nini kilichobisha.

Ilikuwa jioni, mwaka wa elfu mbili na tatu, jua likiwa bado juu ya mabati ya mtaa wa Noonkopir. Mwalimu alikuwa ameinamia stovu akichemsha chai, mgongo ameupa mlango, akasikia mtu akibisha polepole, kwa adabu, kwa fundo la kidole kimoja.

"Karibu," akasema bila kugeuka. "Ingia tu, iko wazi."

Hakuingia mtu. Alipogeuka aliona mlango umeegemezwa tofali vile vile alivyouacha, na nje hapakuwa na kiumbe ila kuku wa jirani akiparua vumbi. Akatabasamu, akajiona amezeeka. Chai ilikuwa tayari imeshamiminwa ndipo lilipomjia jambo dogo lililomfanya ashike kikombe bila kunywa. Mlango wake ulikuwa wa bati. Sauti aliyoisikia ilikuwa ya mbao.

Pembeni mwa kitanda lilikuwepo sanduku. Alilinunua Kajiado majuma machache nyuma, parokia ilipokuwa ikiuza vyombo vya padri mmoja mzungu aliyezeekea na kufia Oltepesi, njia ya kwenda Magadi. Lilikuwa la mbao nyeusi, zito, refu kiasi cha kulaza mtoto, na juu ya kifuniko mtu alikuwa amechonga kwa kisu herufi nne kubwa: ARCA. Wanunuzi wengine walilipita mbali, wakisema linafanana na jeneza. Nalianya akalipenda hapo hapo. Alikuwa na marinda mawili na sweta ya marehemu mkewe, Mukai, ambavyo siku ya kugawa nguo baada ya mazishi alivificha, na kwa mwaka mzima vilikuwa vikikaa kwenye mfuko wa nailoni kama vitu vya mwizi.

Tena neno lile alilijua. Kabla ya ualimu alisoma seminari, na angekuwa padri leo kama Mukai asingeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Machakos siku ile waseminari walipokwenda kutembea huko. Upadri ulikwisha pale pale. Kilatini kilibaki, maana alifunzwa kwa fimbo.

Kesho yake alishuka dukani kwa Kafiya kupiga simu. Kafiya, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Yonis, alikuwa na duka mwanzo wa kichochoro, na kwenye kaunta alikuwa na simu ya jamii iliyofungwa kwa mnyororo. Mumewe, Hilowle, alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Nalianya alimpigia binti yake, mtoto pekee aliyemzaa na Mukai, aliyekuwa akisomea uuguzi huko magharibi.

"Baba, ati umenunua jeneza?" Lorine akauliza. Habari za Noonkopir zilikuwa zimemfikia kabla ya simu.

"Ni sanduku, mama. Imeandikwa arca. Unajua arca ni nini?"

"Sijui, na najua utaniambia."

Akamwambia. Mrumi wa kale, alisema, akiwa na sanduku la nguo, ni arca. Tajiri akiwa na kasha la pesa, ni arca pia. Maskini akifa akazikwa kwenye ubao wa bei ya chini, ule ubao ni arca. Mtumwa akikosa, kijichumba cha kumfungia, kile ambacho hata miguu hainyooki, nacho ni arca. Halafu Wakristo wakaja na Biblia yao ya Kilatini, wakaliita sanduku la agano hivyo hivyo, na safina ya Nuhu wakaiita hivyo hivyo. "Sisi tuko na jina ya kila kitu," Mwalimu akasema. "Hao watu moja iliwatosha."

"Na ya kwako ni gani hapo? Ya pesa siyo."

"Ni ya kuweka nguo za mamako."

Tangu mazishi hawakuwa wameonana. Kila mmoja alikuwa akiogopa kumwona mwenzake akilia, wakasingizia shule.

"Nitakuja tukifunga, Baba," Lorine akasema. "Nikae na wewe mpaka nichoke. Lakini sukuma wiki nitapika mimi, yako ni maji tupu."

Kafiya, aliyekuwa akisikiliza bila kuficha, akacheka mpaka mtandio ukamshuka. Nalianya alirudi kwake akitembea kama kijana. Binti yake anakuja. Hilo ndilo lililokuwa limebaki kwenye maisha yake, na hakuwa na haja ya kitu kingine.

Basi mgeni alikuwa tayari ameingia.

Kama unangoja nikwambie alikuwa na kwato za mbuzi, ngoja tu. Hakuwa hata na kivuli. Alikuwa na harufu, harufu ya magadi yanapoguswa na mvua, ikichanganyika na nta ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Ilianzia kwenye sanduku, kisha jioni moja ikahamia kwenye kiti cha pili, kile alichokuwa akikalia Mukai. Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu anapokaa taratibu asimsumbue mwenyeji. Nalianya aliweka mkono pale pa kukalia akakuta pana joto.

Aliogopa, ndiyo. Alisali, akajinyunyizia maji ya baraka, akalala taa ikiwaka. Lakini hofu ni kitu kinachochoka, hasa kwa mtu aliyekaa mwaka mzima akila akitazama ukuta. Ile harufu haikumdhuru. Akisahihisha madaftari, kiti kilitulia. Akisema jambo, hata la kipuuzi, kiti kililia kidogo kama mtu aliyejisogeza asikie vizuri. Alianza kumimina vikombe viwili vya chai. Kile cha pili kilipungua, si sana, kiasi cha mgeni mwenye adabu. Na Nalianya, nasema hili kwa sababu ni kweli, alifurahi.

Wa kwanza kukosekana alikuwa Kimeu, mwalimu wa hesabu, ambaye kila Jumapili alikuja wakacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Jumapili hakuja. Ile nyingine pia hakuja. Nalianya akamvizia kwenye chumba cha walimu.

"Umenikasirikia, Kimeu?"

"Mimi? Hapana," Kimeu akasema, akashusha sauti. "Mwalimu, wacha nikwambie kitu lakini usicheke. Nilitoka kwangu nikuje. Nikafika hapo kwa kichochoro yako. Halafu nikajipata niko kwangu, natoa viatu, na bibi ananiuliza mbona nimerudi haraka. Sikumbuki kugeuka."

"Ulikuwa umekunywa."

"Mara mbili? Na mimi sikunywangi?" Kimeu akamtazama, kisha akaonekana kama amesahau alichokuwa akizungumza, akachukua chaki akaenda zake.

Baada yake ikawa mama wa maziwa, kisha wanafunzi waliozoea kuleta madaftari, kisha jirani wa ukuta kwa ukuta aliyekuwa akiomba kiberiti kila siku. Hakuna aliyegombana naye. Waliacha tu, kama maji yanavyoacha kupita kwenye mfereji ulioziba. Yeye mwenyewe alikwenda popote alipotaka, shuleni, dukani, kanisani. Waliokuwa wakitoka kwenda nyumbani kwake ndio hawakufika.

Lorine alikuja siku ya Jumatano, mchana mweupe. Nalianya alikuwa amepiga deki, ametandika kitambaa mezani, amesimama mlangoni tangu asubuhi. Akamwona. Alimwona binti yake akiingia kichochoroni na begi begani, amekonda, ana mwendo ule ule wa Mukai wa kutupa mkono mmoja, na akamwita, na Lorine akainua uso kama mtu aliyesikia kitu cha mbali, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya mlango, karibu kiasi kwamba baba yake aliona jasho kwenye mdomo wake wa juu, akanyoosha mkono na kuupapasa hewani, kushoto na kulia, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi gizani, na macho yake yakampita baba yake bila kutua popote, yakajaa machozi ya kuchoka, na Nalianya aliyekuwa akisema niko hapa, Lorine, niko hapa, aligundua kwamba nyuma yake kiti kilikuwa kimelia na ile harufu ya magadi ilikuwa imemjia begani, nzito, ya upole, kama mkono wa mtu anayekwambia wacha aende, tuko sawa hivi hivi.

Alipopata miguu akatoka mbio. Lorine alikuwa ameshapinda kona. Mbuzi wa Hilowle walikuwa wakivushwa barabara wakati huo huo, wengi, wakambana, na vumbi lilipotulia hapakuwa na mtu.

Jioni alimpigia kutoka dukani. Simu iliita sana.

"Ni nani?" Lorine akauliza.

"Ni mimi."

"Mimi nani?" Akalirudia neno polepole, mimi, mimi. "Oh. Baba. Woi, pole, sauti yako iko mbali, ni kama unaongea ukiwa ndani ya pipa." Akaanza kulia. "Nilikuja, Baba. Nimezunguka hiyo mtaa yote. Nilipata plot, nikahesabu milango, ya kwako haiko. Iko ukuta tu. Mtu amejenga ukuta, na iko baridi. Sasa niko Umoja kwa auntie. Na nikikaa hapa nafikiria, ni kama nasahau. Nimeshindwa kukumbuka kama uko na ndevu."

"Lorine mama, nisikize. Jumamosi rudi. Usikuje kwa nyumba. Kuja kwa duka ya Mama Yonis, ukae hapo, mimi ndio nitakuja kwako. Umesikia?"

"Nimesikia. Likizo ni fupi, Jumapili narudi chuo." Kisha, kwa sauti ya mtu anayehakikisha, "Wewe ni baba yangu, si ndio?"

Nalianya aliweka simu chini, akashika kaunta. Ndipo lilipomrudia somo la mwisho kuhusu lile neno, ambalo mkufunzi wake wa seminari alipenda kuwachapia, na ambalo hakumwambia Lorine kwa kuogopa kumchosha. Arca lina mzizi wake, kitenzi. Arcere. Maana yake ni kufungia ndani, kitu kisitoke. Na maana yake ni kuzuia nje, kitu kisifike. Wanafunzi walilalamika kwamba hayo ni mambo mawili, na mkufunzi akasema hapana, ni kazi moja, inategemea umesimama upande gani wa ubao. Kwa hiyo lile kasha la pesa, na jeneza, na seli ya mtumwa, na safina, vyote ni ndugu wa tumbo moja, na mgeni wake alikuwa akifanya tu kazi ya jina lake.

"Mwalimu," Kafiya akasema. Alikuwa akikodoa macho kumtazama, kama anatazama mtu aliye nyuma ya moshi. "Siku hizi nikitaka kukuona lazima nijikaze. Iko nini kwa nyumba yako?"

Akamwambia yote, kwa sauti ya chini, mpaka vikombe vya chai.

Kafiya hakushangaa. Aliuliza jambo moja tu. "Ilipobisha, wewe ulisema nini?"

"Nilisema karibu."

"Subhanallah. Wewe mwenyewe, kwa mdomo yako." Akavuta mtandio. "Ningesema tuite sheikh amsomee. Nitakusomea mimi pia. Lakini jini ya kuingia kwa nguvu ndiyo inatolewa kwa nguvu. Huyu ni mgeni. Umempa chai, umempa kiti ya bibi yako. Utamwambia toka? Hata mtu hawezi kubali. Mgeni akikaa sana unamtengenezea safari, unamsindikiza mpaka kwao. Kwao ni wapi?"

"Oltepesi."

"Basi mzee yangu anaenda huko Jumamosi kuchukua mbuzi. Utapanda lori."

Jumamosi asubuhi Nalianya alitoa nguo za Mukai akazilaza kitandani. Akafukiza ubani aliopewa na Kafiya, akasimama mbele ya kiti cha pili, na akasema kwa heshima, kama unavyomwambia mjomba aliyekaa mpaka mahindi yakaisha: "Mgeni wangu, nimeshukuru. Sasa nakupeleka nyumbani." Harufu ilikaa kidogo, kisha ikarudi sandukuni polepole. Aliliburuta mwenyewe mpaka barabarani, na kuliinua kwenye lori, yeye na Hilowle, walitokwa na jasho kama wamebeba mtu.

Walishika njia ya Isinya, wakakata kwenda Kiserian, Hilowle akisoma aya chini ya pumzi na kutotazama nyuma. Kona Baridi upepo uliwapiga ubavuni mpaka lori likayumba, na mbele yao bonde lote likafunguka, jeupe kwa joto. Kuanzia hapo ni kushuka tu. Nyuma sanduku lilibisha mara moja, na Hilowle akapandisha sauti ya aya.

Oltepesi, Hilowle alibaki sokoni na mbuzi wake. Vijana wawili walisaidia kubeba sanduku mpaka kwenye nyumba ya padri, kisha wakaondoka bila kudai hata soda. Mlangoni pa nyumba alikaa mama wa makamo, Naeku, aliyekuwa akimpikia marehemu.

"Takwenya," Nalianya akamsalimu kwa lugha ya huko.

"Iko," akaitikia. Akaona sanduku, akasimama. "Umerudisha."

"Unaijua."

"Nilipanguza vumbi yake miaka mingi." Alizungumza akitazama mlango, kwa sauti ya mtu anayezungumza karibu na aliyelala. "Father hakuwa mbaya. Alikuwa peke yake tu. Mwanzo watu walikuwa wanakuja misa, wanajaa. Halafu tukaanza kupotea. Mtu anatoka boma, anafika nusu, anarudi, hajui kwa nini. Hata mimi nilikuwa nafunga kamba kwa mkono, nikisahau naangalia kamba, nakumbuka naenda kwa Father. Alikufa na hakuna mtu alijua mpaka mbwa walianza kulia."

"Nani aliandika hilo neno?"

"Yeye, na kisu ya jikoni. Nilimuuliza, Father, hii ni jina ya sanduku? Akasema ni jina. Hakusema ya nani."

Waliliweka ndani, penye alama yake ya zamani sakafuni, mstatili safi katikati ya vumbi. Nalianya aliinama, akagusa kifuniko. "Nimekufikisha," akasema. "Kaa salama. Mimi narudi kwa mtoto wangu." Palikuwa kimya, kimya cha kawaida cha nyumba tupu, na alipotoka alivuta pumzi ndefu akahisi kifua chake ni chake. Naeku alimpa mkono, akachukua njia ya nyuma kwenda kwao.

Kutoka pale mpaka barabarani ni njia ya miguu kati ya migunga. Nalianya alikuwa amefika nusu aliposikia nyayo pembeni yake, nyepesi, zikienda sawa na zake.

Sasa, yeyote aliyekulia magharibi, upande wa Kimilili, anajua mambo haya yanavyokwenda. Ukimsindikiza mgeni mpaka mahali pake, naye anakurudisha kidogo, ndiyo adabu. Wewe unamrudisha tena, yeye anakurudisha tena, na watu wawili wanaopendana wanaweza kushinda njiani mpaka jua litue, isipokuwa mmoja wao asimame aseme, inatosha, rudi. Lazima mmoja aseme. Nalianya alijua kwamba aliyepaswa kusema ni yeye, na pale pale, akafungua mdomo, neno likiwa tayari kwenye ulimi, lakini njia ilikuwa ndefu na tupu na jua lilikuwa kali na akaukumbuka mwaka mzima wa sahani moja na kijiko kimoja, na jioni zile za karibuni ambazo alisema jambo la kipuuzi na kiti kikalia kumjibu, na kwamba katika watu wote waliomwambia pole na Mungu ni mwema wakaenda zao, huyu ndiye pekee aliyekuja akakaa, na ikamwia vigumu, vigumu mno, kumwambia rudi kabla hata ya barabara.

"Haya," akasema. "Twende kidogo. Mpaka hapo barabarani."

Barabarani akasimama, akasema inatosha sasa, rudi, asante. Hakusikia kitu. Akachukua kimya kile kuwa ni kukubali.

Hilowle alikuwa ameshapakia. Nalianya alimpungia mkono, lakini lori liliunguruma na kuanza kuondoka, ikabidi akimbie na kudandia nyuma, kwenye mbuzi. Akadhani mzee ana haraka ya kufika kabla ya giza. Mbuzi nao walijisukuma wote upande mmoja, wakakanyagana, wakamwachia yeye nusu nzima ya lori, na njia yote ya kupanda Kona Baridi alikaa pale katikati ya mbao tupu, upepo ukimpiga, akimfikiria Lorine, jinsi atakavyomshika kichwa kama zamani.

Lorine alikuwepo. Alikaa kwenye benchi la nje ya duka, na soda mkononi, na Nalianya aliposhuka moyo ulimpiga mpaka masikioni.

"Baba Yonis," Kafiya akamwuliza mumewe, "Mwalimu yuko wapi?"

"Mwalimu?" Hilowle akasimama akishika mlango wa lori. Alikunja uso, akifikiri kwa bidii. "Nilienda na mtu? Nilibeba mzigo, nakumbuka. Nimerudi peke yangu, wallahi."

"Niko hapa," Nalianya akasema. Alikuwa mbele yao, hatua mbili. Kafiya alikodoa macho, akajikaza, akajikaza tena, macho yakampita. Kisha akavuta mtandio, akarudi ndani nyuma ya kaunta.

Nalianya akakaa kwenye benchi kando ya binti yake. "Lorine mama."

Lorine hakugeuka. Alijikuna mkono, akasogea kidogo, kama unavyosogea jua likikufikia. Baba yake akasogea karibu. Naye akasogea tena, bila kutazama, akizungumza na Kafiya kupitia dirisha la duka, akimwambia kwamba baba yake ni mtu mzuri, ni mwalimu, anajua Kilatini, ana ndevu, nafikiri ana ndevu. Nalianya akanyoosha mkono kumgusa bega, na Lorine akawa amefika mwisho wa benchi, nusu yake iko hewani, na uso wake umejaa wasiwasi usiokuwa na sababu.

"Mama Yonis, wacha niende," akasema akiinuka. "Sijui kwa nini, lakini sitaki kukaa hapa."

"Ngoja, umalize soda," Kafiya akamwambia kwa sauti ndogo.

Nalianya akaelewa kwamba mgeni hakurudi, na kwamba sanduku sasa lilikuwa ni yeye. Aliondoka benchini, akarudi nyuma hatua moja, ya pili, akavuka barabara mpaka upande wa pili, penye rundo la mawe ya ujenzi, na harufu ya magadi ikavuka pamoja naye. Kutoka pale aliona mabega ya binti yake yakishuka. Lorine akatazama huku na huku, akakaa tena, akanyoosha miguu, akaanza kumweleza Kafiya habari za chuo, na mara moja akacheka.

Nalianya alikaa juu ya mawe, akamtazama mpaka soda ikaisha.